NGOMA YETU ISINGOJE MGENI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Walimu wetu, wazazi wetu, na wanafunzi wenzangu, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu ili niseme neno moja juu ya ngoma za mwambao wetu huu wa Ziwa Nyasa. Wengi wamekwisha andika humu juu ya mitihani, usafi wa mabweni, na mpira, na yote hayo ni mambo mema. Lakini juu ya ngoma sijaona aliyeandika. Labda ni kwa sababu tunadhani kwamba ngoma ni kitu cha kutazama tu, wala si kitu cha kufikiria. Mimi sioni hivyo.

Neno langu ni hili. Ngoma yetu imegeuka kuwa ngoma ya kupokea wageni. Mgeni akija, ngoma hulia. Mgeni akiondoka, ngoma hulala. Mambo yakiendelea hivi itakufa, hata kama kila mgeni ataisifu. Yafaa sisi wanafunzi tuicheze kwa ajili yetu wenyewe, na tutunge nyimbo zetu wenyewe.

Kwanza tutazame ngoma hizi ni nini. Lituhi yetu ipo karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Ng'ambo ya mto ni Manda, katika Wilaya ya Ludewa. Huku kwetu ni Wilaya ya Nyasa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Katika mabweni yetu wamo Wampoto, Wamanda, Wanyasa, Wamatengo kutoka milimani, na Wangoni kutoka upande wa Songea. Wangoni wana lizombe yao, ambayo sifa zake zimefika mbali. Lakini ngoma inayojulikana zaidi kwa watu wa ziwa na wa milimani ni mganda wa wanaume, pamoja na kioda ya wanawake. Hata ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Malawi, mganda huchezwa, na wenzetu wa huko huuita malipenga.

Jina hilo la malipenga latokana na chombo chenyewe. Lipenga ni kibuyu kinachotobolewa, kisha tundu moja huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mchezaji huimba ndani yake, na sauti hutoka ikinguruma kama tarumbeta. Wachezaji husimama kwa safu, wamevaa nguo nyeupe, na huenda kwa hatua zilizopimwa, polepole, wakigeuka wote kwa pamoja kama askari wanaokagua gwaride. Kikundi huwa na vyeo: yuko kingi, yuko kapiteni, yuko dokta. Atazamaye mara ya kwanza hujiuliza: mambo haya ya kiaskari yalifikaje katika ngoma ya wavuvi na wakulima wa mihogo?

Jibu lake ni historia, nalo ndilo msingi wa hoja yangu. Katika miaka ya 1890 vijana wa miji ya pwani, kama Lamu na Mombasa, walianza kucheza ngoma iliyoitwa beni, kwa kuiga bendi za Wazungu na gwaride zao. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Sisi watu wa ziwa hatukuvisikia kwa mbali tu. Mwezi Agosti 1914, hapo Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, meli ya Waingereza Gwendolen iliipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann. Askari na wapagazi wengi wa Afrika Mashariki walichukuliwa vitani, na waliosalimika walirudi makwao na beni. Mwanahistoria Terence Ranger alieleza habari za safari ya ngoma hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1975. Ilipofika katika nchi za ziwa ilipata sura mpya. Tarumbeta za shaba hazikuwapo, basi watu wakachukua vibuyu. Nyimbo za Kizungu hawakuzitaka, wakatunga za kwao. Hivyo ukazaliwa mganda.

Nawaomba wenzangu wapime jambo hili. Ngoma tunayoiita ya wazee na ya mila haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitungwa na vijana, na baadhi yao huenda hawakutuzidi sana umri. Walichukua kitu cha mgeni, tena mgeni aliyewatawala, wakakigeuza kikawa chao kabisa. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba mganda ni mambo ya zamani, na kijana wa leo ana haki ya Bongo Fleva peke yake, hajui asili ya vyote viwili. Vijana wa Dar es Salaam walioanza Bongo Fleva mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifanya kama babu zetu: walichukua muziki wa Marekani wakautia Kiswahili. Sina ugomvi na Bongo Fleva. Ninalolilia ni kwamba wale walitunga, na sisi twasikiliza tu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga lipenga. Hunisimulia kwamba zamani, mavuno yakiisha, kijiji kimoja kilialika kijiji kingine kwa mganda. Wageni walikuja kwa miguu au kwa mitumbwi, wakapikiwa, wakalala. Kesho yake kila kikundi kilicheza, na hakukuwa na mwamuzi mwenye karatasi. Watazamaji wenyewe ndio walioamua: kikundi kilichochosha watu kilibaki kikijichezea chenyewe. Na nyimbo zilikuwa mpya kila mwaka, maana aliyerudia wimbo wa mwaka jana alichekwa. Waliimba juu ya bei ya samaki, juu ya kijana aliyekwenda kazini mbali akamsahau mama yake, juu ya mtu mkubwa aliyekula mchango wa watu. Wakati ambapo gazeti halikufika huku, wimbo ndio uliokuwa gazeti.

Sasa tutazame mambo yalivyo leo. Nimeona kwa macho yangu kikundi cha wazee wakingojea mgeni mmoja mkubwa, ambaye sitamtaja. Walifika saa mbili asubuhi wakiwa na ngoma zao. Mgeni alifika saa nane mchana. Wakacheza muda wa dakika tano hivi, mtu mmoja akawapungia mkono wanyamaze kwa kuwa ratiba imebana, na hotuba zikaanza. Wazee walipewa soda wakaenda zao. Wimbo walioimba ulikuwa wa kumsifu mgeni, na nilipouliza nikaambiwa kwamba wimbo ni ule ule kila mara. Jina la mgeni ndilo hubadilishwa. Jambo hilo lilinisikitisha kuliko jua na kungojea. Ngoma iliyokuwa ikiwasema wakubwa na wadogo sasa haina la kusema ila karibu.

Sisemi kwamba tusipokee wageni kwa ngoma. Kumpokea mgeni kwa furaha ni desturi yetu, na mtoto mwenye adabu haiachi. Sisemi pia kwamba Serikali haikufanya kitu. Mwalimu Nyerere, alipokuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika mwezi Desemba 1962, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, nacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Na kila mwezi Februari, Songea huwakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na ngoma za mkoa wetu husikika huko. Hayo ni mema. Lakini Bagamoyo ni mbali sana na Lituhi, na Februari ni mwezi mmoja tu. Hakuna wizara iwezayo kumtungia mtu wimbo wa kijiji chake.

Naomba nitoe mfano wa mbali. Katika nchi ya Uskoti, Uingereza, upo mji uitwao Edinburgh. Mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mji huo ulianzisha tamasha kubwa la muziki na michezo ya kuigiza, na wasanii mashuhuri wakaalikwa. Basi vikundi vinane ambavyo havikualikwa vikaja hivyo hivyo, vikatafuta nafasi zao pembeni, vikacheza. Watu wakaenda kuvitazama. Mwaka uliofuata wasioalikwa wakaja tena, na siku hizi tamasha la wale wa pembeni ni kubwa kuliko lile lenye waalikwa. Wangalisubiri barua ya mwaliko, nani leo angalijua habari zao? Sisi tuna uwanja, tuna sauti, na mti wa kuchonga ngoma haujakwisha. Twangoja barua ya nani?

Na mfano wa karibu ni Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, humu humu katika Mkoa wetu wa Ruvuma. Hakusomea uchoraji. Mwaka 1968, huko Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya mbao laini kwa rangi za kawaida za dukani, akauza picha zake kando ya njia. Alikufa mwaka 1972, kabla hajazeeka, lakini wanafunzi wake waliendelea, na leo picha za Tingatinga zinajulikana duniani. Wazee husema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje ikiwa kwao hakuna uwanja wa kuchezea? Huyu ilimbidi aende mbali ndipo watu wauone mkono wake. Nani ajuaye ni Tingatinga wangapi wanaolima mihogo hapa bila mtu kuwauliza wanajua nini?

Najua watakaonipinga. Wa kwanza watasema kwamba Kidato cha Nne tuna mtihani wa taifa, na ngoma itatupotezea wakati. Hao nawajibu kwa heshima kwamba mpira huchukua jioni nyingi, na hakuna aliyefukuza mpira shuleni. Saa mbili za Jumamosi hazimfelishi mtu aliyesoma Jumatatu hadi Ijumaa. Tena mtu anayetunga shairi la kuimbwa hujifunza Kiswahili kwa bidii kuliko anayekariri maelezo ya ubaoni.

Wa pili ni baadhi ya wazazi wetu, ambao huogopa kwamba ngoma ni pombe na kukesha. Hofu hiyo naielewa, na wamisionari wa zamani walikuwa nayo pia. Lakini leo hii ngoma hulia kanisani siku ya Jumapili, na hakuna anayelewa. Ubaya haumo katika ngoma, umo katika saa na mahali. Tukicheza mchana, uwanjani mwa shule, mbele ya walimu, pombe itapita wapi?

Wa tatu ni wenzangu wanaoona haya. Huogopa kuitwa washamba. Kwao nina swali moja tu: mtu anayeweza kuimba wimbo mzima uliotungwa na mwingine, na hawezi kutunga mstari mmoja juu ya kijiji chake, mshamba ni nani?

Basi nini kifanyike? Sipendi kulalamika bila kutoa njia, kwa hiyo naleta mambo manne mbele ya walimu wetu na serikali ya wanafunzi.

Kwanza, kila bweni liwe na kikundi chake, wavulana mganda na wasichana kioda, na wale wa lizombe wasizuiwe. Kila muhula kila kikundi kitunge wimbo mmoja mpya, na wimbo wa kumsifu mgeni usihesabiwe.

Pili, tuwaalike wazee wa kijiji waje kutufundisha, hasa kutengeneza malipenga na kuwamba ngoma. Nao walipwe kitu, hata kama ni kidogo. Fundi wa kutengeneza madawati hulipwa. Huyu naye ni fundi.

Tatu, liwepo daftari katika maktaba yetu, na humo ziandikwe nyimbo za wazee, pamoja na jina la aliyetunga kila wimbo na kijiji chake. Babu yangu hukumbuka nyimbo nyingi, lakini majina ya watunzi ameanza kuyasahau, na wenzake wa safu moja wamebaki wawili. Kazi hii haiwezi kungoja muhula mwingine. Wakati wa likizo kila mmoja wetu anaweza kurudi na nyimbo tatu.

Nne, Jumamosi moja mwishoni mwa muhula tuwaalike wanakijiji, tucheze sisi na wao, bila meza kuu na bila hotuba. Mwamuzi awe yule yule wa zamani, yaani miguu ya watazamaji.

Mimi nitamaliza shule mwaka huu, na huenda sitaiona Jumamosi hiyo nikiwa mwanafunzi. Nikiisikia, nitakuja na babu yangu kama bado ana nguvu za kutembea. Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, jambo hili ni lenu. Vibuyu vipo, vinaanikwa juu ya mapaa ya nyumba zenu. Anzeni.