Farasi, Ngamia au Jahazi?

Mnamo 1888, Bi. Williamina Fleming, aliyefanya kazi katika kituo cha kuangalia nyota cha Harvard nchini Marekani, alikuwa akikagua kioo cha picha ya anga alipotambua alama nyeusi karibu na moja ya nyota tatu za mshipi wa Orion. Katika maelezo yake hakumtaja farasi. Alitaja pengo lenye umbo la nusu duara, basi. Farasi alikuja baadaye, na tangu aje hajaondoka: leo ni nadra kupata kitabu cha elimu ya nyota kisichokuwa na picha ya nebula ya Kichwa cha Farasi.

Mwaka jana niliwaonyesha wanafunzi wangu wa isimu picha hiyo, jina nikiwa nimelifunika. Aliyetoka Marsabit aliona shingo ya ngamia. Wa Lamu akaona omo la jahazi. Mmoja, aliyekuwa hodari wa sayansi katika shule ya upili, alinyamaza; nilipomhimiza akasema amelisahau jibu.

Neno hilo liliniumiza. Hilo ni wingu la vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,300, nalo huonekana jeusi kwa kuwa linazuia mwanga wa gesi inayong'aa nyuma yake. Kuhusu vumbi na mwanga, jibu lipo. Kuhusu umbo, jibu limetoka wapi?

Yafaa walimu wakumbuke jinsi majina haya yalivyozaliwa. Katika miaka ya 1840, Lord Rosse wa Ireland alichora nebula moja, na kwa mchoro ule ikaitwa Kaa. Alipoitazama tena mwaka 1848 kwa darubini kubwa zaidi, ukaa wake haukudhihirika, jina likabaki. Naye Mjerumani Max Wolf aliipiga picha nebula nyingine mwaka 1890, akaiita Amerika Kaskazini. Ramani, jamani! Nani angeiona ramani hiyo mbinguni asipokuwa ameizoea ukutani? Jicho hukitafuta kile lilichokizoea.

Wazee wetu nao walitazama juu. Kilimia ni jina litokanalo na kulima: walizitaja nyota zile kwa kazi iliyowangoja shambani, wala si kwa umbo. Katika picha za darubini, nyota hizo zimezungukwa na ukungu wa buluu, yaani vumbi linaloakisi mwanga wao. Wanafunzi wetu aghalabu huzijua kwa jina la Pleiades, wasitambue kwamba ndizo Kilimia cha nyanya zao.

Sisemi Kichwa cha Farasi kifutwe. Mtaalamu wa Nairobi na wa Tokyo hawana budi kuwa na jina la kuelewana. Nasema mwalimu alifunike jina kwanza, amwulize mwanafunzi anaona nini, amweleze kilichopo, kisha ndipo alitaje. Na katika mtihani, atakayemtaja ngamia na kueleza sawasawa habari za vumbi na mwanga asinyimwe alama.

Yule aliyelisahau jibu nilimpa picha aende nayo. Wiki iliyofuata alirudi, akaniambia kwa haya kidogo kwamba yeye anaona kidole gumba kilichokunjwa.