Wana Isevya, Tuiwahi Presha



Enzi za misafara, chumvi ya Uvinza ilichemshwa kutoka maji ya chemchemi, ikafungwa mizigo na kubebwa mabegani hadi huku kwetu Unyamwezi. Ilikuwa mali. Leo pakiti ni bei chee, nasi tunaimwaga tu.

Tazameni kibanda cha chipsi jioni. Muuzaji ananyunyiza chumvi chipsi zikitoka kwenye mafuta. Mteja anapokea sahani na, kabla hajaonja, anatikisa kichupa tena. Mtoto aliye pembeni anaiga.

Chumvi hiyo ikizidi hupandisha presha, na tusidhani presha ni ya wazee tu. Mwaka 1990 ulichapishwa uchunguzi kuhusu Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Miezi michache tu baada ya kuhamia mjini, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki kijijini. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi, ile iliyomo kwenye chumvi, na potasiamu pungufu.

Chumvi ikizidi uwezo wa figo kuitoa, mwili hushikilia maji, damu huongezeka ujazo na mishipa huelemewa. Mwenyewe hasikii kitu, pengine mpaka siku ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo kwenye mkate na samaki wa chumvi.

Basi tukubaliane. Mama lishe na wauza chipsi, ondoeni vichupa mezani; anayetaka chumvi aombe. Majumbani, tuendelee na chumvi yenye madini joto, lakini tuipime kwa kijiko, si kwa kiganja. Michembe, maharage, mboga za majani na maembe yetu vina potasiamu, inayosaidia kushusha presha. Visikose mlo, ila mgonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Wenyeviti wa mitaa, waombeni wahudumu wa afya waje mikutanoni na kipimo cha presha, na vijana wapimwe sawa na babu zao. Atakayekutwa na 140 kwa 90 au zaidi aende zahanati apimwe tena. Anayetumia dawa asiache.

Nyumba moja ikipunguza chumvi peke yake, watoto wake wataikuta kibandani. Kwa hiyo ajenda hii iingie kwenye mkutano ujao wa kila mtaa, na tuipitishe kwa kunyoosha mikono.