Kisu cha mbao chakata nyama, chuma chabaki jikoni

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu

WATAFITI wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani walipotangaza Oktoba 2021 kuwa wametengeneza kisu cha mbao chenye makali yanayokaribia mara tatu ya yale ya kisu cha mezani cha chuma, habari hiyo ilisambaa duniani kwa muda mfupi. Picha za kisu hicho kikikata kipande cha nyama iliyoiva ziliwafanya wengi waamini kuwa enzi ya chuma jikoni imefika ukingoni.

Miaka imepita tangu wakati huo, na kisu hicho hakijawa bidhaa ya kawaida madukani. Chuma bado kinatawala jikoni, mezani na buchani.

Hali hiyo haina maana kwamba ugunduzi ule ulikuwa porojo. Mbao iliyogandamizwa kwa njia ya Maryland ni nyenzo ya kweli, na kazi iliyofanywa na watafiti hao ilichapishwa katika jarida la kisayansi la Matter. Ila mazingira ya ugunduzi huo yanaonyesha kuwa kisu kilikuwa kielelezo cha uwezo wa mbao kuliko kuwa shabaha yake, na kwamba pambano halisi kati ya mbao na chuma linafanyika nje ya jiko.

Mbao inavyopata makali

Msingi wa ugunduzi huo ni selulosi, yaani nyuzinyuzi zinazoupa mti nguvu ya kusimama. Kwa kulinganisha nguvu na uzito, selulosi inazishinda metali nyingi, plastiki na hata vyombo vya kauri. Tatizo ni kwamba mbao ya kawaida ina selulosi kwa kiasi cha kati ya asilimia 40 na 50 tu. Sehemu inayobaki ni hemiselulosi na lignini, ambayo hufanya kazi ya gundi ya kuzishika nyuzi hizo. Aidha, ndani ya mbao kuna matundu mengi madogo ambayo mti uliyatumia kupitishia maji ulipokuwa hai.

Profesa Teng Li na wenzake walitumia njia yenye hatua mbili. Kwanza, mbao huchemshwa katika kemikali ili kuondoa sehemu ya lignini. Ikitoka humo huwa laini na hupindika kwa urahisi. Pili, hugandamizwa kwa nguvu huku ikipashwa joto linalozidi kidogo nyuzijoto 100 za Selsiasi. Maji hutoka, matundu hujifunga, na nyuzi za selulosi husogeleana hadi kushikana zenyewe kwa zenyewe bila kuongezewa gundi.

Baada ya hapo mbao huchongwa kuwa kisu na kupakwa mafuta ya madini. Mafuta hayo si urembo. Selulosi hupenda kunyonya maji, na mbao iliyogandamizwa ikinyonya maji huvimba na kupoteza makali. Kinga hiyo ndiyo inayokiwezesha kisu kuoshwa kama vyombo vingine.

Kwa mujibu wa vipimo vya watafiti hao, ugumu wa mbao hiyo uliongezeka mara 23. Walitengeneza pia misumari ya mbao, wakaipigilia katika mbao tatu zilizopangwa pamoja bila misumari hiyo kuharibika. Sifa ya ziada ya misumari hiyo ni kwamba haishiki kutu.

Takwimu zinavyopaswa kusomwa

Takwimu hizo ni za kweli, lakini zinahitaji kusomwa kwa makini. Ugumu ulioongezeka mara 23 ni kwa kulinganisha na mbao yenyewe kabla ya kuchemshwa na kugandamizwa. Hakuna mahali ambapo watafiti walisema mbao hiyo ni ngumu mara 23 kuliko chuma.

Vivyo hivyo, kisu kilichoshindwa katika mlinganisho wa makali kilikuwa kisu cha mezani, ambacho kila mwenye nyumba anajua kuwa hutengenezwa makusudi kiwe butu kiasi ili mlaji asijikate. Kisu cha mpishi ni kitu kingine. Chuma chake hupashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, na kwa kawaida ugumu wake huwa kati ya 54 na 60 katika kipimo cha Rockwell. Kisu hicho hunolewa hadi makali yake kuwa membamba sana.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo vyombo vingi vya habari viliipita haraka. Makali hutegemea wembamba wa ukingo wa kisu, na hata jani la nyasi linaweza kumkata mtu kidole. Ugumu ndio unaoamua makali hayo yatadumu kwa muda gani yanapokutana na mfupa, ubao wa kukatia na sahani. Kisu cha mbao kilithibitisha jambo la kwanza. La pili ndilo linalompa mpishi sababu ya kutoa fedha mfukoni.

Mbao si mgeni jikoni

Wazo la kuigandamiza mbao ili ishindane na metali halikuanzia Maryland. Katika miaka ya 1940, Maabara ya Mazao ya Misitu ya Serikali ya Marekani, iliyoko Madison katika jimbo la Wisconsin, ilitengeneza aina mbili za mbao za namna hiyo.

Ya kwanza iliitwa Compreg. Mbao ililoweshwa katika gundi ya kemikali kisha ikagandamizwa kwa joto. Ilitumika katika panga boi za ndege, na baadaye ikaingia jikoni kama mpini wa kisu. Mipini mingi ya visu vya kisasa inayong'aa kama mbao iliyopakwa vanishi ni ya ukoo huo huo. Hata baadhi ya mbao za kukatia zinazouzwa leo hutengenezwa kwa tabaka za karatasi zilizoloweshwa katika gundi na kugandamizwa hadi kuwa ngumu kama jiwe.

Ya pili, Staypak, iligandamizwa bila gundi, kwa joto lililoifanya lignini ilegee na kuzishika nyuzi upya. Tofauti na Maryland ni kwamba mafundi wa Wisconsin waliiacha lignini ifanye kazi ya gundi, ilhali Profesa Li na wenzake waliondoa sehemu yake ili selulosi zishikane moja kwa moja.

Kwa hiyo, kwa zaidi ya nusu karne nyuzi za mbao zimekuwa mkononi mwa mpishi na chini ya kisu chake. Jambo jipya la mwaka 2021 lilikuwa kuzihamisha kutoka kwenye mpini hadi kwenye makali.

Historia inawatahadharisha pia wale wanaofanya haraka kulibeza wazo jipya. Mwaka 1913, Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alipata chuma kisichoshika kutu alipokuwa akitafuta chuma kitakachostahimili uchakavu ndani ya mitutu ya bunduki. Alipowaletea watengenezaji wa visu, baadhi yao walimkejeli kuwa amevumbua visu visivyokata. Leo ni vigumu kupata nyumba isiyo na kijiko, uma au kisu cha chuma hicho.

Kati ya viti viwili

Hata hivyo, chuma cha Brearley kilishinda kwa sababu kilitatua kero iliyokuwapo kila siku. Visu vya wakati ule vilishika kutu na vilihitaji kusuguliwa mara kwa mara. Kisu cha mbao kinatatua kero ya nani?

Jibu la kwanza ni mazingira. Uzalishaji wa chuma unakadiriwa kuchangia kati ya asilimia 7 na 9 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na kukiyeyusha kunahitaji joto linalozidi nyuzijoto 1,500. Mbao inahitaji joto la birika la chai, na mti huota tena.

Lakini hoja hiyo inapungua nguvu inapofikishwa jikoni. Takriban nusu ya chuma chote duniani huenda katika majengo na miundombinu. Visu ni tone tu baharini. Tena kisu cha mezani cha chuma hudumu kwa miongo, hurithiwa, na kikichoka huyeyushwa na kuwa kitu kingine. Kukibadilisha kisu kama hicho hakuwezi kuokoa mengi.

Jibu la pili ni plastiki, na hapa hoja ina uzito zaidi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku visu, uma na vijiko vya plastiki vya kutumika mara moja kuanzia Julai 3, 2021. England ilifuata Oktoba 1, 2023, baada ya serikali kukadiria kuwa eneo hilo hutumia vyombo vya namna hiyo bilioni 2.7 kwa mwaka, vingi vikiwa vya plastiki. Nchini Kenya, plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku katika hifadhi, fukwe na misitu kuanzia Juni 5, 2020.

Tatizo ni kwamba nafasi hiyo imekwisha kuchukuliwa. Wauzaji wa vyakula vya kubeba wameingia katika visu vyepesi vya mbao ya kawaida, vinavyokatwa kwa mashine kwa gharama ndogo, hutumika dakika 10 kisha hutupwa. Mnunuzi wa kisu cha namna hiyo hana sababu ya kulipia mbao iliyochemshwa kwa kemikali, ikagandamizwa, ikachongwa na kupakwa mafuta.

Kisu cha Maryland kimejikuta kati ya viti viwili. Ni ghali mno kwa mtu anayekitupa, na hakijathibitisha kudumu kwa mtu anayetaka kukirithisha.

Mlango mwingine

Wenye teknolojia hiyo wanaonekana kuielewa hali hiyo vizuri. Mwaka 2018, miaka mitatu kabla ya habari za kisu, Profesa Liangbing Hu, wakati huo akiwa Maryland, pamoja na Profesa Li na wenzao walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya mbao iliyotengenezwa kwa njia ya jamaa hiyo. Chuo hicho kilisema mbao hiyo ilikuwa na nguvu mara 12 na ustahimilivu mara 10 kuliko mbao ya kawaida. Katika majaribio, risasi ya chuma iliyopenya mbao ya kawaida ilikwama katika mbao hiyo mpya.

Kampuni ya InventWood, iliyotokana na utafiti wa Profesa Hu, haikuanza na visu. Mwaka 2022 ilipata ruzuku ya dola milioni 20 kutoka Wizara ya Nishati ya Marekani, na kiwanda chake cha kwanza kipo Frederick, Maryland. Bidhaa ya kwanza iliyolengwa ni mbao za kufunika kuta za nje za majengo, huku nguzo na mihimili ikitajwa kama hatua ya baadaye.

Hesabu ya uamuzi huo ni rahisi. Mwenye jengo hununua kwa mita za mraba, naye yuko tayari kulipia kitu chepesi, kigumu na kisichooza. Ukuta haunolewi wala hauoshwi kila siku. Zaidi ya yote, ujenzi ndiko kilikolala chuma kingi. Mbao ikichukua hata sehemu ndogo ya kazi hiyo, faida yake kwa mazingira itazidi ile ya visu vyote vya dunia.

Kisu kwa hiyo kilifanya kazi ambayo takwimu za maabara zisingeweza kuifanya. Mtu asiyejua maana ya kipimo cha nguvu ya mvutano anajua maana ya nyama iliyokatika.

Somo kwa wenye misitu

Kwa nchi zinazouza magogo, mbao na nguzo, kuna jambo la kuangalia katika habari hii. Kemia ya kuondoa lignini si siri ya Marekani. Viwanda vya karatasi vimekuwa vikichemsha mbao katika kostiki soda na michanganyiko ya salfa kwa zaidi ya karne moja. Kiwanda cha Mgololo wilayani Mufindi, kilichojengwa jirani na mashamba ya misonobari ya Sao Hill, kinatumia kemia ya jamaa moja na hiyo. Ndivyo kilivyokuwa kiwanda cha Webuye nchini Kenya kabla ya kusimama mwaka 2009.

Tofauti ni kwamba kiwanda cha karatasi huzisambaratisha nyuzi kisha kuzitandaza, wakati Maryland huziacha zikiwa zimepangika kama mti ulivyozipanga. Mti uleule wa misonobari unaweza kuwa mfuko wa saruji au ukuta wa ghorofa, kutegemea kinachofanyika baada ya kuchemshwa.

Lakini gharama nazo zinafanana. Maji yanayobaki baada ya kuchemsha mbao hubeba lignini na kemikali, na yakimwagwa ovyo huua mto. Viwanda vikubwa vya karatasi huyakausha, huyachoma ili kupata nishati na kurejesha kemikali. Kiwanda cha mbao iliyogandamizwa kisipofanya hivyo kitakuwa kimehamisha uchafuzi kutoka tanuru la chuma kwenda mtoni.

Ndiyo maana sifa ya kwamba mbao ni rafiki wa mazingira haipaswi kupokelewa bila maswali matatu. Mti umetoka katika shamba linalopandwa upya au katika msitu wa asili? Maji ya kuchemshia yamekwenda wapi? Bidhaa itadumu miaka mingapi kabla ya kutupwa?

Majibu ya maswali hayo, kuliko ukali wa kisu, ndiyo yatakayoamua iwapo mbao itakipokonya chuma nafasi yake. Kwa sasa, mpishi anayetaka kisu cha kukatia nyama bado ana sababu nzuri ya kununua cha chuma na kukinoa. Anayejenga nyumba ndiye anayepaswa kufuatilia yanayoendelea Frederick.