Bando la Msomaji Si Mali Yako

Kuna ugonjwa umewaingia vijana wetu wanaotengeneza tovuti, na leo nimeamua kuusema. Mtu anapewa kazi ya kutengeneza tovuti ya habari: kichwa cha habari, picha moja, aya kumi, menyu na kisanduku cha kutafutia. Kabla hajaandika hata mstari mmoja, tayari ameshaweka Bootstrap nzima. Ukimuuliza kwa nini, anakushangaa: "Si ndiyo kila mtu anatumia?"

Nami namuuliza: huyo kila mtu ni nani? Msomaji yumo?

Kwa wale ambao mambo haya ya mafundi hawayajui, nieleze kwa kifupi. CSS ni lugha inayoupa ukurasa wa wavuti sura yake: rangi, ukubwa wa herufi, mpangilio wa safu. Fremuweki ya CSS ni fungu la kanuni ambazo mtu mwingine ameshaziandika, wewe unazichukua na kuzitumia badala ya kuanza sifuri. Bootstrap ni kazi ya Mark Otto na Jacob Thornton, ilitolewa mwaka 2011 wakiwa Twitter. Siidharau hata kidogo. Imewawezesha watu wengi wasio na jicho la usanifu kutengeneza kurasa nadhifu, zinazojipanga vizuri kwenye skrini ndogo ya simu. Tena ni programu huria, hulipi hata senti.

Hulipi wewe fundi. Msomaji analipa.

Tupige hesabu. Faili la CSS la Bootstrap 5, likishabanwa kwa ajili ya safari ya mtandaoni, lina kilobaiti kama 30. Pure.css, iliyotolewa na Yahoo mwaka 2013, haifiki kilobaiti 5. Utaniambia kilobaiti 25 ni kitu gani, wakati video moja ya WhatsApp inakula megabaiti kadhaa? Kwa bei ya bando nakubali, ni kiasi kidogo mno. Lakini kuna kusubiri. Kivinjari kikikuta faili la CSS limetajwa mwanzoni mwa ukurasa, kwa kawaida hakichori chochote mpaka faili hilo lifike. Msomaji anabaki kutazama weupe. Aliyebanwa kwenye daladala, mahali ambapo mtandao umeshuka hadi kilobaiti 10 kwa sekunde, atasubiri sekunde 3 kwa ajili ya Bootstrap peke yake. Kwa Pure atasubiri chini ya nusu sekunde. Ongeza JavaScript inayosindikizana na Bootstrap, ongeza fonti na vialama vya urembo, halafu uniambie huyo msomaji bado yupo au ameshaondoka.

Wapo wanaojitetea hivi: "Mimi naichukua kutoka seva ya pamoja inayotumiwa na tovuti nyingi, kwa hiyo msomaji tayari anayo kwenye simu yake." Hoja hiyo ilishakufa. Chrome kuanzia toleo la 86 mwaka 2020, na Firefox kuanzia toleo la 85 mwaka 2021, hutenga akiba ya kila tovuti kwa ajili ya kulinda faragha. Faili aliloshusha akiwa kwenye tovuti ya jirani halikusaidii wewe. Akija kwako mara ya kwanza, analishusha upya.

Sasa tuchague nini? Msimamo wangu ni huu: anza na ukurasa wenyewe, fremuweki ije baadaye. Orodhesha vitu ambavyo ukurasa wako unavyo kweli. Kama ni maneno, picha na menyu, huenda huhitaji fremuweki yoyote. Tangu mwaka 2017 vivinjari vikubwa vinaelewa Grid na Flexbox, ambazo zimo ndani ya CSS yenyewe, na mistari michache tu inatosha kupanga safu. Simu ya zamani isiyoijua Grid itapanga vitu kimoja chini ya kingine, na kwenye skrini nyembamba si ndivyo tunavyotaka?

Kama hujiamini kuandika CSS yako, chukua Pure, na uchukue sehemu unazozihitaji tu, kwa kuwa imegawanywa vipande. Au chukua Pico, inayopamba lebo za kawaida za HTML bila kukulazimisha kujaza majina ya klasi kila mahali. Tailwind, iliyotoka mwaka 2017, nayo inaweza kutoa faili dogo sana, kwa sababu inabakiza kanuni ulizotumia tu. Ila inataka hatua ya ziada ya kuandaa faili kabla ya kulipandisha kwenye seva, na si kila ofisi ina mtu wa kuisimamia. Hata Bootstrap yenyewe inaruhusu kuchukua gridi yake peke yake. Mifumo ya ndani ya ofisi, inayofunguliwa kwenye kompyuta za mezani, wala sina ugomvi nayo. Tumieni Bootstrap mpaka mshibe.

Nisieleweke vibaya. Ukichagua fremuweki nyepesi kisha ukapandisha picha ya megabaiti 1 moja kwa moja kutoka kwenye kamera, hujafanya kitu. Kwa mtandao ule ule wa daladala, picha hiyo peke yake ni sekunde 100. Wepesi ni tabia, na CSS ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ndiyo inayoshikilia mlango.

Kwa nini mwandishi wa habari nijitie kwenye mambo ya mafundi? Kwa sababu kazi yetu inaishia mikononi mwao. Mvua ikinyesha Dar na Jangwani hakupitiki, anayehitaji zaidi kusoma habari hiyo ni yule aliye njiani, chaji asilimia tisa, bando la siku linakaribia kwisha. Tukihangaika usiku kucha kuhakiki taarifa, halafu ukurasa ukagoma kufunguka, kwake yeye hatujaandika kitu.

Basi, ndugu fundi, kabla ya kukabidhi kazi, azima simu ya bei ya chini kabisa uliyoweza kuipata. Zima WiFi ya ofisi. Fungua tovuti yako kwa bando ulilonunua kwa hela yako mwenyewe, uhesabu sekunde mpaka neno la kwanza litokee.

Naomba kutoa hoja.