Wameuziwa springi, shabaha hawakuuziwa

Ndugu msomaji, leo naomba unisamehe, siandiki siasa. Naandika springi. Naam, springi! Kile kiwaya kilichojiviringisha ndani ya bastola, ambacho siku hizi kimegeuka biashara nene huko Marekani, na Waswahili wenzetu walioko kule wameingia mzima mzima.

Najua nitapigwa mawe, lakini nalisema wazi: biashara ya "kuboresha" bastola ndogo ya kujilindia ni biashara ya kuuza hofu kwa vipande vipande. Anayenunua anaondoka na mfuko wenye vyuma vinavyong'aa na bastola asiyoijua tena.

Nina kaka yangu mmoja tuliyesoma naye Mlimani, sasa yuko Texas. Kanunua Glock 19 kihalali kabisa. Hajamaliza boksi mbili za risasi, tayari kabadilisha springi kuu, fimbo inayoiongoza, triga, na springi ya triga. Nikamuuliza, kaka, ile ya kiwandani ilikuwa na kasoro gani? Akanijibu: "Haikuwa na kasoro mdogo wangu, nimeiboresha tu." Sasa jamani, kama haikuwa na kasoro, kilichoboreshwa ni nini?

Tuanze na kazi ya springi yenyewe, maana wengi wanaibadilisha bila kujua inafanya nini. Ukifyatua risasi, nguvu ile inasukuma sehemu ya juu ya bastola, wanayoiita slaidi, irudi nyuma. Ikirudi inavuta ganda tupu na kulitupa nje. Springi kuu inabanwa, inapunguza kasi, halafu inaisukuma slaidi mbele. Ikiwa njiani inakomba risasi mpya kutoka kwenye magazini, inaiingiza kwenye mtutu, kisha inafunga. Yote hayo kabla hujapepesa jicho.

Ukiweka springi ngumu kuliko inayotakiwa, slaidi inaweza isifike nyuma kabisa, hasa ukitumia risasi zenye nguvu ndogo. Ganda linanasa mlangoni. Au slaidi inarudi mbele haraka mno, springi ya magazini haijawahi kuinua risasi inayofuata. Ukiweka laini kupita kiasi, slaidi inagonga fremu kwa nguvu kila unapofyatua, na ikirudi inaweza kukosa nguvu ya kufunga sawasawa. Na bastola isiyofunga sawasawa haifyatui. Ni chuma tu mkononi.

Bastola ndogo ndiyo kabisa! Mtutu wa Glock 17 una milimita 114, wa Glock 19 una 102, na wa Glock 26 unakaribia 87. Kadiri bastola inavyofupishwa, slaidi inakuwa nyepesi na njia yake inakuwa fupi, lakini risasi ni ile ile na teke ni lile lile. Ndiyo maana Glock 26 ilitoka miaka ya tisini ikiwa na springi pacha, moja ndani ya nyingine. Mwaka 1985 Colt walitoa Officer's, yaani ile 1911 ya Browning iliyokatwa mtutu kutoka inchi 5 hadi inchi 3 na nusu. Mafundi wa kule wanajua mpaka leo: 1911 ikizidi kuwa fupi, springi zake zinachoka mapema na zinakuwa na deko. Kwenye bastola kubwa ukikosea kidogo inaweza kukuvumilia. Ndogo haikuvumilii.

Wauzaji wanasema wao wamefanya utafiti. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza: nani kathibitisha? Wamefyatua risasi ngapi, za aina gani, kwenye bastola ngapi, zikakwama mara ngapi? Ukiuliza hivyo unaletewa video ya kijana mwenye ndevu na miwani myeusi akisema "inahisi laini". Inahisi! Watu wanaweka roho zao kwenye "inahisi".

Hebu tuone yaliyowapata wenye viwanda, wenye wahandisi na mashine za kupimia. Mwaka 2010 Glock walitoa kizazi cha nne, na Glock 19 ikawekewa springi pacha mpya. Mwaka 2011 kampuni hiyo hiyo ikatangaza kuwabadilishia springi bure wamiliki wa aina nyingi za kizazi hicho. Kiwanda kizima kilirudi nyuma kwa ajili ya springi!

Mwaka 2017 ikawa zamu ya SIG Sauer. P320 ilikuwa imeshashinda zabuni ya jeshi la Marekani mwezi Januari. Agosti ikabainika kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kujifyatua. Sababu mojawapo ilikuwa uzito wa triga yenyewe: bastola inatua chini, triga inaendelea na safari, risasi inatoka. Polisi wa Dallas waliisimamisha kwa muda, kampuni ikatangaza marekebisho ya bure, na sehemu kadhaa za ndani zikapunguzwa uzito. Ona, gramu chache za triga! Kama gramu chache ziliwapita watu wanaoishi kwa kazi hiyo, wewe unayebadilisha triga juu ya meza ya kulia chakula, ukifuata video ya dakika nane, umepima nini?

Tena usidhani kosa ni la wanaolainisha peke yao. Polisi wa jiji la New York walikwenda njia ya pili. Glock inatoka kiwandani na triga ya takriban ratili 5 na nusu. Wao kwa miaka mingi waliweka springi ya kuifikisha ratili 12, ili askari asifyatue kwa bahati mbaya. Nia nzuri. Lakini triga nzito inayumbisha mkono, na wakosoaji walilisema hilo miaka nenda rudi. Agosti 24, 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili walifyatua risasi 16 wakimkabili muuaji mwenye bastola. Wapita njia 9 wakajeruhiwa, wote kwa risasi au vipande vilivyotoka kwa polisi. Siwezi kuitwisha springi lawama yote, mtaa ule ulijaa watu na mambo yalikwisha kwa sekunde chache. Lakini mjadala wa triga ulirudi mezani, na mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba makuruti wapya wa jiji hilo wameanza kupewa triga nyepesi.

Somo ni nini? Kila springi unayobadilisha unanunua kitu na kulipa kwa kitu kingine. Ukilainisha triga, unalipa kwa usalama wa kidole kilichoteleza. Ukiikaza, unalipa kwa shabaha. Ukikaza springi kuu ili teke lipungue, unalipa kwa uhakika wa bastola kufanya kazi. Hicho ni kubadilishana, na muuzaji anayekwambia unapata bila kulipa anakudanganya mchana kweupe.

Kuna watakaosema, mbona wanamichezo wa shabaha wanabadilisha springi? Kweli, na sina ugomvi nao. Wao wanafyatua maelfu ya risasi kwa mwaka, wanalinganisha springi na risasi zile zile wanazotumia, na bastola ikikwama wanapoteza pointi na kurudi nyumbani kula. Mwenye bastola ya kiunoni ikikwama saa nane ya usiku, hakuna refa wa kupuliza filimbi.

Watu hawa nawafananisha na vijana wa hapa kwetu wanaonunua gari kwa mtu, kitu cha kwanza wanakata springi ili gari lilale chini. Likianza kugonga kila tuta wanamlaani Mjapani! Wahenga walishatuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Na hapa naomba nieleweke. Springi ni kitu cha kuchakaa, lazima ibadilishwe. Soma kitabu cha mwongozo, hesabu risasi ulizofyatua, na muda ukifika weka nyingine ya aina ile ile, ya kiwanda kile kile. Huo unaitwa utunzaji. Nilipopita JKT kwa mujibu wa sheria, afande alitufundisha kuvua, kusafisha na kurudisha bunduki kama ilivyokuwa. Hakuna siku aliyotufundisha kuibuni upya.

Tatizo ni kwamba utunzaji hauuziki. Haung'ai, haupigwi picha. Mazoezi nayo yanachosha, yanatoa jasho, na yanakuonyesha ukweli kwenye karatasi yenye matundu yaliyotawanyika kama nyota. Springi mpya haikuambii ukweli wowote, inakubembeleza tu. Mbaazi akikosa maua husingizia jua, na asiye na shabaha husingizia triga.

Nawashauri ndugu zangu mlioko huko, na hata wachache wenye vibali hapa nyumbani chini ya sheria ya 2015: hela ya vipande vile nunua risasi za mazoezi, lipa mwalimu, nunua sanduku la chuma lenye kufuli ili mtoto asiifikie. Mtoto hajali kama fimbo ya springi ni ya plastiki au ya chuma. Anachojua ni kwamba baba ana mdude unaong'aa, na kwamba triga yake siku hizi ni laini, hata kidole chake kidogo kinaiweza.

Tafakari, kisha uamue mwenyewe.