Bi Harusi, Mchuzi Chapwa Si Aibu Yako



Leo sikuja na maneno ya kubembeleza. Nataka kusema juu ya chumvi, na nawasemea wanaohusika: mawifi, mama wakwe, makungwi, waume, na sisi wenyewe tunaoshika mwiko. Tumemfanya bi harusi aamini kuwa heshima yake imo ndani ya kopo la chumvi. Anayelipa gharama ya mchezo huu ni mwili wake, mwili wa mumewe na watoto watakaokuja.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za maharusi, na dukani kwangu wanawake huzungumza. Bi harusi akija kupimwa huja na dada zake, shangazi zake na wakati mwengine na mawifi, na mazungumzo hayachelewi kufika jikoni. Siku moja wifi mmoja alihadithia, tena kwa kucheka, namna walivyorudisha sahani ya pilau ya mke wa kaka yao. Msichana wa watu alikuwa na wiki mbili tu ndani ya nyumba. Kosa lake eti pilau ilikuwa chapwa. Akalia. Siku ya pili akaongeza chumvi na kyubu tatu juu yake, wakala, wakamsifu kuwa sasa amejua kupika. Duka zima lilicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Hebu tuangalie msichana yule amefundishwa nini siku ile. Kwamba akitia kidogo atatahayari, na akizidisha atapendwa. Somo hilo atalibeba miaka thelathini, na atamfunda nalo bintiye.

Sasa tuseme kinachotokea mwilini. Chumvi ikizidi, mwili hushikilia maji ili kuizimua. Maji yale huongeza wingi wa damu ndani ya mishipa, moyo nao husukuma kwa nguvu zaidi, na mishipa hubanwa mchana na usiku. Hiyo ndiyo presha. Mara nyingi haiumi wala haitoi dalili. Mtu anatembea nayo, anakwenda harusini, anacheza msewe, hajui kitu. Kisha siku moja mdomo unakwenda upande, mkono haunyanyuki, na sisi tunaanza kuulizana nani kamfanyia. Hakuna aliyemfanyia, dada yangu. Kiharusi kina sababu nyingi, lakini presha isiyotibiwa ni katika kubwa zake, na chumvi nyingi ni katika mambo yanayoipandisha. Figo na moyo nao huharibika kwa njia hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Si kwa chakula kimoja, ni kwa siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye mkate wa asubuhi. Mtoto ni chini ya hapo. Shirika hilo hilo linakadiria kuwa watu duniani, kwa wastani, wanakula gramu 10.8, yaani zaidi ya mara mbili, na kwamba vifo milioni 1.89 kila mwaka vinahusiana na ulaji huo. Kwa hiyo tatizo ni la dunia nzima. Lakini jiko ni letu, na mwenye mkono kwenye sufuria ni sisi.

Sasa niwaendee makungwi. Mnamfunda mwari kujipamba, kujitia udi, kutandika kitanda na kupokea wageni. Allah awalipe. Lakini mkifika jikoni mnamwambia "tia kwa mkono, utajua mwenyewe". Mimi sikati kitambaa cha mtu kwa kukisia kwa macho. Nikikata bila ya futi nimeharibu nguo, na nguo hununuliwa nyengine. Vipi mwili wa mtu tuukisie? Mfundeni mwari kijiko. Mwambieni, mko wawili, chumvi yenu ya siku nzima isizidi vijiko viwili vya chai visivyojaa, na hapo mtoe iliyomo kwenye mkate, kwenye ng'onda na kwenye kyubu.

Na kyubu ndizo zenye balaa kubwa. Sisi watu wa visiwa vya karafuu, tuna mdalasini, iliki, pilipili manga, tangawizi, bizari, ndimu, ukwaju na nazi mlangoni, halafu tunanunua ladha iliyofungwa kwenye karatasi. Chukua paketi usome. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi, na kwenye kyubu nyingi cha mwanzo kabisa ni chumvi. Mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Mtu anatia kyubu tatu, kisha anaonja, kisha anatia na chumvi ya kawaida "kidogo tu". Kidogo ipi tena? Kama imeandikwa sodiamu badala ya chumvi, zidisha mara mbili na nusu. Miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi.

Waume nao wasijifiche. Kuna mwanamme sahani haijatua kwenye mkeka ameshaita kisosi cha chumvi, hata kuonja hajaonja. Kuna anayemtia mkewe aibu mbele ya wageni kwa sababu mchuzi haukumpendeza. Ndugu yangu, wewe unayependa kutukumbusha Sunna, kumbuka na hii: imethibiti katika hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W) hakuwa akikitia ila chakula. Akikitamani alikula, asipokitaka alikiacha. Hakununa, hakurudisha sahani, hakumliza mtu. Sunna hii mbona haipigiwi kelele? Na mawifi waliorudisha pilau waliipata wapi ruhusa yao?

Zaidi ya hapo, Mola wetu ametuhalalishia kula na kunywa na akatukataza israfu. Tunadhani israfu ni kumwaga wali uliobaki tu. Kujaza kwenye mwili kitu kinachouharibu nayo ni israfu, na mwili huu ni amana tutakayoulizwa.

Kuna na wale wanaotumiana kwenye simu maneno kuwa Mtume (S.A.W) alimuusia Sayyidna Ali aanze chakula kwa chumvi kwa sababu ni dawa ya maradhi sabini. Dada zangu, tusitumiane. Wanazuoni wa hadithi, akiwemo Ibn al-Jawzi, wameitaja kuwa ni ya kutungwa. Kumzulia Mtume ni jambo kubwa, na kumzulia kwa kitu kinachomuumiza mtu ni msiba juu ya msiba.

Najua mtakayonijibu, maana nimeyasikia yote.

"Babu alikula ng'onda miaka yote na alikufa mzee." Babu alikula ng'onda, ni kweli, na alikwenda shamba kwa miguu, akala muhogo, ndizi na mchicha. Hakuwa na kyubu asubuhi na jioni, hakuwa na krisps za paketi wala chips za jioni zilizomwagiwa chumvi na sosi. Na usimhesabu babu mmoja aliyeishi ukawasahau waliokufa ghafla tukasema ni siku yao tu.

"Kwetu kuna joto, tunatoka jasho." Ukisikia kiu, mwili unataka maji. Jasho la kufagia uwanja na kupanda daladala halihitaji chumvi ya ziada, chakula cha kawaida kinatosha. Mtu anayeharisha ni jambo jengine, huyo apewe maji ya chumvichumvi ya hospitali kwa kipimo chake.

"Mimi natumia ile ya pinki ya Himalaya, haina madhara." Rangi nzuri, hata mimi ningeishonea gauni. Lakini ni chumvi ile ile, sodiamu yake ni karibu sawa, na bei ni mara kadhaa. Mara nyingi haikutiwa madini joto. Hapa niseme wazi ili mtu asinielewe vibaya: punguza chumvi, lakini ile kidogo unayotia iwe yenye madini joto. Mwanamke akiyakosa, hasa akiwa mjamzito, ubongo wa mtoto tumboni unaweza kuathirika. Tia karibu na mwisho wa mapishi, na kopo lifunikwe, lisikae karibu na moto.

Na nyinyi wenye mimba, nisikilizeni vizuri. Kuacha chumvi hakuzuii wala hakutibu kifafa cha mimba. Ukiumwa sana na kichwa, ukaona vimulimuli, uso na mikono ikavimba, au tumbo likakuuma juu chini ya mbavu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kliniki ya mwezi ujao na usikubali kuambiwa ni chumvi tu. Na anayetumia dawa za presha asiziache kwa sababu amepunguza chumvi. Hayo anayaamua daktari.

Sasa ufanye nini, bi harusi mpenzi?

Ukifungua paketi mpya ya chumvi ya nusu kilo, iandikie tarehe kwa kalamu. Mkiwa wawili, gramu 5 kila mmoja, paketi ile haipaswi kumalizika kabla ya siku 50. Na kwa kuwa kuna chumvi nyengine inayoingia kwa mkate na vya dukani, inatakiwa ikae zaidi. Ikimalizika kwa mwezi mmoja umeshapata jibu, huhitaji mtu wa kukuambia.

Ng'onda na papa mkavu mroweke, umwage maji, umroweke tena kabla ya kumpika. Na siku hiyo mchuzi usiutie chumvi, yeye mwenyewe anatosha. Kisosi cha chumvi kiondoe mkekani, weka kipande cha ndimu na pilipili. Supu ya kuku uichemshe na tangawizi, thomu, pilipili manga na ndimu, uone kama kyubu itaulizwa. Achari na chachandu ziwe za kuonjea, zisiwe kitoweo. Ramadhani uwe macho zaidi: daku la chumvi nyingi ndilo linalokukausha koo mchana kutwa.

Na usikate ghafla. Ulimi hufundishika. Punguza robo wiki hii, robo nyengine baada ya wiki mbili. Baada ya wiki chache chakula cha zamani ndicho kitakachokushinda kwa ukali. Mumeo huenda asijue hata kidogo kilichotokea, na akijua mwambie kwa uzuri, "Mume wangu, nataka tuzeeke pamoja." Sijui mwanamme mwenye akili atakayelikasirikia neno hilo.

Mkiweza, kabla ya fungate kwisha nendeni nyote wawili mkapime presha. Kipimo ni cha dakika chache. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudini mkapime tena siku nyengine na mumuone daktari. Tunapima nguo mara tatu kabla ya harusi, tunapima viatu, tunapima piko la hina. Na mishipa ya damu nayo ipimwe.

Kwa mama wakwe, neno moja la mwisho. Binti huyu ndiye atakayemlisha mwanao kwa miaka iliyobaki. Ukimtisha leo kwa ajili ya mchuzi, kesho atakupikia wewe na mwanao kwa hofu, na hofu haina kipimo. Ukimwambia "umepika vizuri, mwanangu, usizidishe chumvi", umemlinda mwanao kuliko hirizi yoyote. Sahani ikija chapwa, kamulia ndimu, sema Bismillah, ule.

Allah atujaalie afya njema, nyumba zenye huruma na vizazi vyenye nguvu. Aamin.