Je, Kijana Wako Anajua Kutafuta?

Mzazi wa Masumbwe anayemsomesha kijana Chuo Kikuu kwa fedha ya mpunga au ya machimbo huuliza kama ada imelipwa na kama chakula kinatosha. Ni haki yake. Lakini ni nadra kumsikia akiuliza: mwanangu, unajua kuitumia maktaba?

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, yaweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Meza peke yake, hata hivyo, haimfundishi mtu kutafuta.

Tuseme kijana huyo ametakiwa aandike juu ya uchimbaji mdogo wa dhahabu huko kwao. Anaandika "Geita" katika kompyuta ya maktaba, anapata machache, kisha anadai kwamba habari za Masumbwe hazijaandikwa. Kumbe Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 tu! Kabla ya hapo Masumbwe ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, Wilaya ya Bukombe. Na kabla Bukombe haijawa wilaya, ilikuwa chini ya Kahama. Mipaka ilihama, ripoti za zamani zikabaki na majina yao. Mwenye kulifahamu hilo hutafuta kwa majina hayo yote, huongeza na la Wasumbwa wenyewe, halafu huanzia kwenye faharasa, mwishoni mwa kitabu, badala ya kupekua ukurasa kwa ukurasa. Akikwama, amwendee mkutubi. Ndiyo kazi ya mkutubi, wala si aibu.

Wala haya si mambo ya alama za mtihani tu. Wachimbaji wadogo wengi hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, pengine uani, hatua chache kutoka jikoni. Mvuke wake hudhuru ubongo na figo, na hata mtoto aliye tumboni. Kijana aliyeusoma Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, anaweza kuketi na baba yake akamweleza, kwa ushahidi, kwa nini uchomaji huo uondoke nyumbani. Yule aliyeokota mistari miwili katika simu, asijue nani aliiandika wala lini, baba akimbishia atanyamaza.

Basi akija likizo, mwambie akueleze alichokipata kuhusu kwenu, na alikipata katika kitabu gani.